Ngozi za Wiki Uliyougua

Mzee Natani,

Sijui barua ya kumpelekea mtu aliyekwisha ondoka huanzwa vipi. Kwetu Unguja tungekuombea dua tukanyamaza, lakini wewe unanijua, kunyamaza mie sikuwezi. Kuna jambo linanisumbua tangu mwezi uliopita. Mtu wa kumuuliza ni wewe peke yako, na mshukiwa ni wewe huyohuyo. Ndiyo, umesikia. Nimekushuku. Yule Bi Mashaka wako, kama ulivyozoea kuniita, safari hii alikugeuzia jicho wewe mwenyewe, na nakuandikia nikueleze yote mwanzo mpaka mwisho, usije ukayasikia kwa watu.

Kwanza habari za hapa. Jengo letu la Huanshi Zhonglu ni lilelile, na lifti ni ileile inayofikiri kwanza kabla ya kufunga mlango. Chumba chako amepanga Mkongomani anayeuza nywele za bandia, kijana mpole, tena mpole kupita kiasi, namwangalia tu. Kwenye mwimo wa mlango yamebaki matundu mawili ya misumari, pale nilipokitoa kile kijumba chako kama ulivyoniusia. Mwenye nyumba alitaka kuyaziba. Nikamwambia meiyou, hakuna cha kuziba hapa, matundu hayamdhuru mtu. Alinitazama akaenda zake.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokiona kile kijumba? Ulikuwa umehamia juzi tu, na mie ofisi yangu ya kukusanya mizigo ilikuwa imeshazoeleka kwenye ghorofa ile. Natoka zangu kuchota maji ya moto, naona kijisanduku chembamba cha bati kimegongwa mlangoni pako, upande wa kulia, tena kimeinamishwa kidogo. Nikajisemea, huyu mgeni katega kamera. Anatazama nani anaingia kwangu na nani anatoka na nini. Nikakugongea mlango kama askari. Ukatoka na miwani juu ya paji la uso na unyoya wa bata mkononi, ndiyo kwanza nikazidi kuingiwa na hofu. Nikakuamrisha kwa Kiingereza cha kuungaunga uniondolee mtambo wako, na wewe ukanijibu kwa Kiswahili, "Mama, hiyo si kamera. Hiyo ni maneno ya Mungu."

Ala! Myahudi wa Nairobi, muuza vitasa na bawaba, ananijibu Kiswahili katikati ya Guangzhou. Mwingine angeona haya. Mie nikashuku zaidi.

Ukakifungua ili niamini. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi nyeupe kilichokunjwa, herufi zake nyeusi zimepangana safi. Ukaniambia inaitwa mezuza, ni maneno ya Torati, na kila mlango wa nyumba ya Myahudi unatakiwa uwe nayo. Haichapwi kwa mashine. Inaandikwa kwa mkono, juu ya ngozi ya mnyama aliye halali kwenu, kwa kalamu ya unyoya au mwanzi, kwa wino wa kupikwa, na mistari yake inachorwa kwa ncha butu bila wino wowote. Hapo nikalainika kidogo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mgonjwa anaosha na kunywa, na hakushika kalamu yake ya mwanzi bila ya kutia udhu. Nilipokusimulia hayo ukasema, "Basi wewe unaelewa hii kazi kuliko wateja wangu." Nikadhani unanipamba nikutafutie nafasi kwenye kontena.

Urafiki wetu ulianzia hapo, kwenye kushuku. Wewe mwenyewe ulijua, mji huu mie unanilisha kwa sababu siamini mtu. Katoni ikifika dukani naifungulia chini, si juu, maana juu ndiko wanakopanga nguo nzuri. Jinzi za Xintang nazigeuza nje ndani nione mshono. Bidhaa haiendi bandarini Huangpu mpaka niwe nimeiona kwa macho yangu, nimeipiga picha na video, na hata hapo nalala na wasiwasi. Na wewe hukuwa nyuma. Wafanyabiashara wa Kiyahudi wanaopita hapa walikuletea mezuza zao uzikague, na ulinifundisha kuinamisha ngozi kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa mkono una kimo, unauona umekaa juu ya ngozi. Wa mashine umelala. Halafu ukanionyesha herufi moja yenye kovu kwenye mguu, na nyingine ileile chini yake, kovu lilelile, mahali palepale. "Mkono ya mtu haiwezi kosea mara mbili sawasawa," ukasema. Mkono wa mtu hauwezi, nikakusahihisha. Nilivyofurahi siku ile, utadhani nimepata mali.

Lakini ngozi ndiyo iliyoniletea tabu, tangu mwanzo.

Ulihitaji mkalimani wa kukupeleka kwa Laoban Huang, yule mzee mwenye karakana ya ngozi za ngoma, nyuma kabisa ya viwanda vya jinzi vya Xintang. Hapa kila mwenye kibanda ni laoban, ni bosi, ila Huang ni laoban kwelikweli, harufu ya karakana yake inakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Nilidhani tunakwenda kununua ngozi tuondoke. Kumbe wewe hununui ngozi iliyo tayari hata iwe nzuri vipi. Ulikunja mikono ya shati, ukavaa glavu za Huang zilizotoboka, ukazishika ngozi za mbuzi mbichi na kuzitumbukiza mwenyewe kwenye pipa la chokaa, huku unasema kwa sauti, kwa Kiebrania, kwamba kazi hii unaifanya kwa ajili ya utakatifu wa mezuza. Baada ya hapo Huang na watu wake wanaweza kukwangua manyoya na kuziwamba kwenye fremu zikauke. Huang aliniuliza unamtukana nani. Nikamwambia unasali. Akasogea pembeni kwa adabu.

Na zile alama za kwenye ngozi je, shauri la nani? Langu. Nilikwambia, Mzee, ukishageuza kisogo huyu atakubadilishia, atakuletea ngozi nyingine hukuitia mkono. Ndipo ulipoanza kubeba kile kitoboleo chako mfukoni. Kila ngozi kabla ya kuingia kwenye chokaa uliitoboa matundu matatu madogo ukingoni, karibu na mguu, na zilipokauka tulizipokea kwa alama ile au hatukuzipokea.

Tulipokuwa tunarudi nilikuhoji njia nzima. Ngozi uliyoisemea maneno na ngozi ambayo hukuisemea, zikikauka zina tofauti gani? Ukasema hakuna. Wino unashika sawasawa? Sawasawa. Sasa mteja atajuaje? Ukanijibu bila hata kunitazama, "Hatajua. Ataniamini." Nilicheka mpaka dereva akageuka. Biashara gani hii! Nikakuuliza, na mtu asiposema? Ukasema ngozi hiyo si mbaya, ni ngozi tu, mtu aifanyie ngoma, aifanyie kiatu, ilimradi isiende mlangoni. Nikakwambia mie kitu kisichokaguliwa kwa jicho sikitaki kwenye kontena langu. Ukasema, "Wewe mama unashuku hata kivuli yako."

Kivuli chako, Mzee. Mpaka unakufa hukujifunza.

Tuligombana mara moja tu kwelikweli. Ulikuwa umefika mstari wa mwisho wa mezuza, asubuhi nzima umeinama, unasafisha kalamu ukaona umeruka herufi moja kule juu, mstari wa pili. Herufi moja! Nikakwambia si uichomeke, nafasi ipo. Ukasema haiwezekani, herufi za mezuza zinaandikwa kwa mfuatano wake, ya mbele ikishaandikwa huwezi kurudi nyuma kujaza pengo. Ukaikunja ukaiweka kwenye kile kisanduku cha zilizoharibika, zinazongoja kuzikwa. Mie roho iliniuma. Nikasema, nani atajua? Ukasema, "Mimi. Na sasa na wewe." Sikukusemesha mpaka jioni.

Haya. Sasa tufike kwenye wiki ile.

Ni wiki ya lile joto kali, ulipoanguka kitandani kifua kikikubana. Chakula changu hukuli kwa dini yako, basi nilikuletea matunda na maji, nikakuamrisha usitie mguu nje. Na hukutia. Hata kufika kwenye lifti hukuweza, mie shahidi. Lakini nilijua ngozi mbili za mbuzi zilikuwa zinakungoja kwa Huang wiki hiyohiyo. Ulipopata nafuu nikakuuliza, na zile ngozi je? Ukasema, "Zimeshaingia chokaa." Na maneno? "Maneno yamesemwa." Kisha ukageukia dirishani ukaulizia habari za kontena la vitasa.

Nililisikia, Mzee. Nililisikia sikio langu likasimama. Hukusema nilikwenda. Hukusema niliyasema. Zimeingia, yamesemwa. Kila muuzaji wa mji huu akiniambia mzigo umekaguliwa namuuliza umekaguliwa na nani, na wewe sikukuuliza. Ulikuwa mgonjwa, macho yamekuingia ndani. Nikaimeza.

Siku za mbele ukaanza kuandika mezuza ya mlango mkubwa wa nyumba ambayo binti yako Rahel alikuwa anaijenga Nairobi. Nakumbuka jinsi ulivyojifungia. Nilipita nikikuita, Mzee, Mzee, hujibu, nikaingia nikakukuta umeinama, umeinua kidole tu kunizuia. Baadaye ukaniomba radhi ukaeleza kwamba mtu akiwa anaandika Jina la Mungu hamjibu yeyote, hata akiamkiwa na mfalme. Nikakwambia mimi si mfalme, mimi ni jirani niliyekuletea machungwa. Ulicheka ukakohoa. Ile mezuza aliichukua mteja wako aliyekuwa anarudi Nairobi, na Rahel aliiweka akiba mpaka nyumba yake iishe.

Halafu ukatuacha. Sitaki kuisimulia siku ile. Nitasema tu kwamba hukuchomwa moto, kama wanavyozoea hapa kuchoma maiti. Walinieleza hapa njia rahisi ni ipi, nikawaambia rahisi kwa nani? Niligombana ofisi kwa ofisi mpaka karatasi zikatoka, na mie niliyesafirisha kila kitu cha dunia hii, kuanzia masufuria mpaka injini, nilisimama uwanja wa ndege nikakukabidhi wewe. Kile kisanduku cha zilizoharibika kilikwenda nawe, na Rahel akaniambia kimezikwa pembeni yako kama mlivyozoea kwenu. Mzigo huo ndio pekee niliousindikiza nikilia.

Mwezi uliopita Rahel akanitumia ujumbe wa sauti. Nyumba imeisha. Sauti yake ina kikohozi chako mwanzoni. "Anti Mwanaidi, nisaidie tu. Ile mezuza ya Dadi nimeipeleka ikaguliwe. Herufi zote wamesema ni safi kabisa. Lakini wameniuliza ngozi ilitengenezwa vipi, maanake wanajua Dadi alikuwa mgonjwa, na hiyo hawawezi kuona. Ni wewe ulikuwa naye. Ukiniambia iko sawa, naigonga. Ukiniambia haiko sawa, naizika karibu na yeye." Kisha akaongeza, "Lakini Anti, ndiyo kitu ya mwisho aliandika."

Nilikaa na simu mkononi. Kumwambia iko sawa, rahisi. Neno moja. Angefurahi, na hakuna kiumbe angejua. Ila mie ningejua, na wewe ndiye uliyenifundisha ubaya huo.

Nikaenda kwa Huang. Kabla sijamaliza kuuliza akajibu alikuja, alikuja, mzee alikuja mwenyewe, mtu mzuri sana yule, na je, sasa nani atanunua ngozi zake? Mzee, unajua mtu anayejibu haraka namna ile ninavyomwona. Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia wiki ile mzee alikuwa kitandani na mie ndiye niliyekuwa nikimbadilishia shuka, sasa tuanze upya. Akakuna kichwa. Akatazama mapipa yake. Mwisho akasema kwamba joto lilikuwa kali, ngozi zilikuwa zinaanza kuoza, akakupigia simu. Wewe ukamwomba aishike simu juu ya pipa na kuifungua sauti, ukayasema maneno yako kitandani, na yeye akazitumbukiza kwa mikono yake. Kitoboleo chako ulikuwa nacho wewe, basi akazitoboa kwa chake, tundu moja la pembe nne kila ngozi, asije akazichanganya na za ngoma. Zilipokauka alikuletea mwenyewe. "Maneno yalisemwa," akasema, kana kwamba mlipatana.

Simu! Bwana wee, Mzee Natani! Mie mwenye karakana wa Dongguan akiniambia mzigo upo nataka video, na akinitumia video nataka nikauone, na wewe umeisemea ngozi kwa simu?

Nilirudi mjini moyo unachemka. Nilitaka kukutetea na sikujua nikutetee vipi. Nikajiambia pengine ulizitenga. Sanduku lako bado liko stoo kwangu, linangoja kontena la kwenda kwa Rahel, basi nikalifungua nikalikagua kama la adui. Manyoya ya bata tuliyokuwa tukiyachagua kwa yule mchoma bata, yamefungwa kwa uzi. Kitoboleo. Kichupa cha wino kimekauka. Na vipande vya kingo za ngozi ulivyokuwa unavikata na kuvihifadhi, nikavipanga sakafuni kimoja kimoja. Matundu matatu. Matundu matatu. Matundu matatu. Pembe nne hakuna.

Unaelewa maana yake. Ngozi mbili zimefika mikononi mwako, na hazimo. Baada ya wiki ile hukurudi tena kwa Huang. Kilichoandikwa baada ya wiki ile ni mezuza ya Rahel, na mezuza inakatwa katikati ya ngozi, ukingo na alama havibaki juu yake; kingo za pembe nne nikadhani umezitupa nisizione. Nilikaa sakafuni katikati ya vile vipande nikalia, Mzee, tena kwa hasira. Nilijiona ninakuona: umechoka, pumzi hazitoshi, unataka kumwachia mwanao kitu, ngozi nzuri ziko mbele yako, na maneno si yamesemwa? Nani angekulaumu? Mie ningekulaumu. Herufi moja ilikutosha kutupa kazi ya asubuhi nzima, halafu ngozi nzima uifumbie macho kwa sababu ni ya mwanao? Kwa hiyo yale mengine yote uliyoniambia yalikuwa ya nini?

Nikamrekodia Rahel ujumbe. Mwanangu, usiigonge. Nikaurekodi mara ya pili kwa sauti ya upole zaidi. Sikuutuma. Nikasema nitautuma kesho, nikishapata usingizi.

Kesho yake akaingia mteja wa Mombasa na sampuli ya viti anavyotaka kuagizia mkahawa wake. Unajua ninavyofanya. Sikitazami kiti kilivyosimama, nakipindua miguu juu, maana kila uchafu wa fundi uko chini. Nikampindulia, nikamwonyesha gundi iliyomwagika na msumari uliopinda, akaondoka akamfokee fundi wake. Mie nikabaki pale ofisini nimeshika kiuno. Macho yakaniangukia kwenye kigoda changu.

Kile ulichonitengenezea wewe. Kilichopasuka siku alipokikalia yule bwana mkubwa wa Kinshasa, tukaficha cheko mpaka alipotoka. Ulikichukua ulipopata nafuu, ukaniletea baada ya siku chache kimewambwa ngozi mpya, bado na unyevu, ukasema nisikikalie mpaka kikauke. Nilikikalia kikiwa kikavu, nikapiga kelele. Kigumu kama ubao! Nikakwambia umeniwekea ngozi gani hii, umenipa makombo yaliyokushinda. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Itakulainikia," ukasema. Haijanilainikia mpaka leo.

Sikuwahi kukipindua. Vitu vya dunia nzima navipindua, hicho sikukipindua, kwa sababu ulinipa wewe.

Nikakipindua.

Ngozi ilikuwa imekunjiwa ndani na kugongewa misumari midogo, na ukingo wake, karibu na mguu, una tundu moja la pembe nne. Nikachomeka ncha ya mkasi nikauinua ukingo taratibu. Chini yake kulikuwa na ukingo mwingine. Ngozi ya pili. Na yenyewe ina tundu la pembe nne. Mbili zote, moja juu ya nyingine, ndiyo maana kigumu kama ubao. Ulizimaliza zote kwangu, Mzee, hukubakisha hata ukanda, mtu mwingine asije akaviokota vipande akaviandika.

Kwa hiyo ya Rahel ni ya matundu matatu. Ni ile ya zamani, tuliyokwenda pamoja, uliyoitia kwa mikono yako na kuisemea kwa mdomo wako, na mie nimesimama pale nimeziba pua. Nimeiona. Kwa macho yangu.

Sasa naelewa kwa nini hukuniambia. Ungeniambia ngozi zina shaka, ningekupigia makelele kwamba maneno si umeyasema, simu ni sauti yako, andika tu, nani atajua. Na ulikuwa mgonjwa, hukuwa na pumzi za kubishana na mie. Ukachukua nyundo ukanyamaza. Nisamehe kwa ule usiku wa kukuwazia vibaya. Au usinisamehe, ucheke tu, nitajua umesamehe.

Nilimpigia Rahel palepale. Nikamwambia, mwanangu, ngozi ile nilikuwepo. Akauliza, "Anti, una hakika?" Nikamwambia nina hakika kuliko jina langu, na nikamweleza habari ya kigoda tangu mwanzo. Alicheka akilia. Anasema hata kwao ulikuwa hivyohivyo, unatengeneza kitu cha mtu na humwambii umekitengenezea nini.

Basi nakuaga, Mzee wangu. Mimi na wewe tunaomba kwa njia mbili, lakini Mungu ni yule aliyekusikia juu ya lile pipa, na yeye ndiye nimwombaye akulaze pema. Ahadi yangu ni hii: mtu yeyote akiniuliza habari za kazi yako, nitamwambia nilichokiona, sitapunguza na sitaongeza hata kwa mapenzi. Na kigoda hiki nitakwenda nacho popote nitakapokwenda, na siku nikija Nairobi nitakuja nacho, nikikalie hapo ulipo tuongee vizuri. Kigumu hivyohivyo.

Ijumaa kabla ya jua kutua kwao, Rahel alinipigia. Alisema fundi amesimama, mume wake ameshika kijumba, amekiinamisha kidogo kama ulivyokuwa unakiinamisha wewe. Akaniambia nisikilize. Nikasikia wanasoma dua yenu fupi, halafu nyundo, ko, ko, ko, na watu wakaitikia. Akaniuliza kama nataka picha.

Nikamwambia sihitaji. Nimesikia.

Wako,
Mwanaidi